Baraza la Duka la Kamachumu

Nakumbuka Jumamosi moja ya gulio, mwanangu, miaka ile ya ujamaa, nikiwa nimeolewa juzi tu hapa Kamachumu, na chumba changu cha kulala kimejaa magunia ya chumvi. Usicheke. Mume wangu alikuwa msimamizi wa duka la kijiji, na duka halikuwa na stoo. Upande mmoja nililala na chumvi na majembe, upande wa pili na mume, na sijui ni nani kati yao aliyeniachia nafasi zaidi.

Duka lenyewe unalijua, lile refu la matofali ya kuchoma, lenye vigae vyekundu na baraza pana la nguzo nene. Aliyelijenga zamani za mkoloni aliijua mvua ya huku mlimani, akalishusha paa mpaka likafunika njia ya watu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini kamati ya kijiji iliona pale barazani ni mahali palipokaa bure, ikaamua pazibwe kwa ukuta pawe stoo. Nilifurahi kuliko wote, maana ningekipata chumba changu.

Basi fundi alikuwa ndiyo kwanza anapanga matofali kati ya nguzo, mvua ikashuka. Gulio zima likakimbilia barazani kama lilivyozoea, wanawake na mikungu yao ya ndizi, na mama mmoja mwenye kichanga mgongoni. Mume wangu akawaomba wasogee nje, wasije wakaukanyaga udongo wa fundi. Wakaanza kutoka kimyakimya, wakiingia mvuani. Watu wetu wana adabu mno, na adabu ile iliniuma.

Ta Kaijage hakutoka. Huyu mzee aliwahi kubeba matofali ya duka hilo alipokuwa kijana. Alitoa mfukoni kahawa ya kutafuna, akampa mume wangu kwa mikono miwili, vile mwenyeji anavyompokea mgeni. Mume wangu akaipokea kabla hajafikiri. Ndipo mzee akasema taratibu, "Karibu, waitu, ndugu yetu. Hapa ni kwetu sote tangu hujazaliwa. Mnataka kuujenga ujamaa kwa kupaziba mahali ulipokuwa umeketi?"

Mume wangu aligeuka. Alinitazama mimi, maana alijua nilivyokitamani chumba kile. Moyo ulinishuka, sikufichi. Nikamwambia magunia yabaki nyumbani, tutalala hivyo hivyo. Akawaita watu warudi, na fundi akayatoa matofali yake huku ananung'unika. Mimi niliendelea kulala na chumvi muda mrefu, na mtoto wangu wa kwanza alizaliwa humo humo kati ya magunia. Sijajuta hata siku moja.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Siku utakapokabidhiwa jengo la zamani, usihesabu vyumba tu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujaziba wala kubomoa, kasimame pale siku ya mvua, uone ni nani anayekuja mbio. Duka ni la mwenye ufunguo, lakini baraza ni la anayepita. Mungu akujalie nyumba yenye paa refu, na asikunyime watu wa kukimbilia chini yake.