Mguu wa Kushoto wa Bapa

Fundi Cheche alikuwa na baba mkaidi, na baba yake alikuwa na binti mkaidi, kwa hiyo hapa tusimwonee mtu. Ukaidi ule ulikuwa wa ukoo, kama pua. Mama peke yake ndiye aliyeukuta kwa kuolewa, masikini, akawa anaishi katikati.

Cheche ni jina alilopewa na wateja. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mabega mapana, mikono imejaa vidoa vya kuungua, na hakuna nguo yake isiyokuwa na tundu la cheche. Kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma: mageti, madirisha, vitanda, na mara mojamoja tela la mtu. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wake, ukivuka uwa. Ukikaa sebuleni kwa mzee ulikuwa unasikia grainda yake ya kukatia vyuma ikilia kutwa nzima.

Baba yake alikuwa dereva wa lori mstaafu, na wenzake barabarani walimwita Handibreki. Si kwa sababu ya kuendesha polepole, hapana. Ni kwamba akishasimama mahali, kiakili nasema, hamumsogezi hata mkimsukuma kijiji kizima. Sasa mtu kama huyo siku moja akapandwa na hasira mbele ya ndugu. Binti yake alikuwa ameacha masomo ya ukarani bila kuaga, akajitia kwenye uchomeleaji, na wiki ile ya kwanza akarudi nyumbani macho yameungua na mwanga wa kuchomelea, yamevimba, analia kama aliyetiwa mchanga. Mzee akamtazama, akasimama, akasema wajomba wakisikia: "Chuma atakachokiunga huyu, mimi sitakikalia, sitakikanyaga, sitakipanda. Nimemaliza."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kinapona. Neno lile halikupona. Cheche naye hakuacha kazi ng'o, tena akawa fundi anayefuatwa kutoka mbali, na mzee akabaki na kauli yake mkononi hajui aiweke wapi.

Basi ikawa vituko. Cheche alipowatengenezea wazazi geti la chuma, geti zuri lenye maua, mzee akaanza kupitia upenyo wa uwa, kwa jirani, akijikwaruza na miiba, umri ule! Alipoleta viti vya barazani, mzee akakalia kreti la soda. Kitanda je? Kitanda Mama alikipokea kimyakimya na kumwambia mumewe kimetoka dukani. Mzee alijua. Alilala. Lakini hakuuliza, na asiyeuliza hajajua.

Na hawakununiana, tafadhali. Walisalimiana asubuhi, "Shikamoo Baba," "Marahaba mama." Mzee alikuwa akimwita binti yake mama, kwa sababu alirithi jina la bibi yake mzaa baba. Ila mazungumzo yakigusa chuma tu, mzee anageukia kwa mkewe: "Mwambie mwanao." Na Cheche: "Mama, mwambie Baba." Wakati wote watatu wamekaa mkeka mmoja!

Sasa tuje kwa Bapa. Bapa lilikuwa lori la mzee, la zamani, lile la aina isiyokuwa na pua: dereva anakalia juu ya magurudumu ya mbele, uso wa gari umenyooka wima kama ukuta, taa mbili za mviringo na kioo cha mbele cha vipande viwili. Injini ilikaa ndani, katikati ya dereva na utingo, imefunikwa na kifuniko cha bati. Msimu wa baridi ilikuwa raha. Msimu wa joto mlikuwa mnaiva. Mzee alisomesha watoto na lori lile, akajengea nyumba na lori lile. Mwishowe chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, ikaliwa na kutu, ikapasuka katikati, na mnunuzi wa vyuma chakavu akaichukua pamoja na injini. Kichwa, yaani chumba cha dereva, mzee alikataa kukiuza. Kikawekwa juu ya mawe uani, na kila asubuhi alikipangusa vioo, kisha anakaa kwenye kreti lake akikitazama. Roho ya Cheche ilikuwa inamuuma kila alipochungulia juu ya uwa akaona hivyo.

Ndipo alipopata chesisi. Lori jipya kidogo la mkandarasi mmoja lilikuwa limeangukiwa na magogo, kichwa kikawa chapati, lakini chini kila kitu kizima: injini, giaboksi, diferensho, springi. Cheche alimjengea mkandarasi paa la ghala, naye akamlipa kwa mzoga ule. Likavutwa hadi karakanani. Jioni hiyo hiyo akavuka uwa.

"Mama, mwambie Baba naomba kichwa cha Bapa."

Mzee alikuwa anakunywa chai. Akainywa yote mpaka kikombe kikaisha. "Mwambie mwanao achukue. Kuku wameshaanza kukizoea."

Cheche hakutaka lori. Tusidanganyane. Lori angeweza kukodi. Alichotaka ni kitu kimoja tu, na hakumwambia mtu: baba yake, kabla uzee haujamzidi, apande chuma alichokiunga yeye. Mageti, viti, vyote hivyo vilishindwa. Kama hata Bapa mzee akilikataa, basi amekataa moja kwa moja, na Cheche alijua hatakuwa na kingine cha kumpelekea.

Akaanza kazi. Kutu iliyokuwa imekula milango kwa chini akaikata, akaunga bati jipya kwa vipandevipande vidogo ili joto lisiukunje mlango. Sakafu ya kichwa akaitoboa na kuipanua, maana injini mpya ilikuwa ndefu kuliko ile ya zamani, akatengeneza kifuniko kingine. Stelingi ilitua sehemu siyo, akaiongezea kiungo. Mabomba ya breki yote akayabadilisha. Utingo wa zamani wa mzee angekuwepo angelia kwa furaha. Mzee mwenyewe? Kila grainda ilipozimwa, kreti lilisikika likiburutwa kusogea karibu na uwa.

Siku kichwa kilipokaa juu ya chesisi mpya na kufungwa boliti kwenye miguu yake minne, Cheche alikaribia kupiga vigelegele. Akashika mlango, akausukuma. Ukagoma. Upande wa pili, nao ukagoma. Kona ya juu inabana, ya chini imeachia nafasi ya kupitisha vidole. Akapima: chesisi iko sawa, miguu iko sawa. Akapima tena. Sawa! Akakaa chini akajishika kichwa.

Ikabidi amtume Mama. Jibu likarudi na Mama, akiwa ameshika mwiko: "Baba yako anasema kichwa hicho kilipinda zamani, alipotumbukia mtaroni. Tangu hapo kikawa kinawekewa kipande cha chuma chini ya mguu wa mbele wa kushoto, unene wa vidole viwili. Kipande kimeondoka na chesisi ya zamani. Anasema, weka kushoto."

Cheche akafurahi kama mtoto. Akakata chuma, unene ule ule, akasimama mbele ya gari akilitazama uso kwa uso, akapiga jeki upande wa kushoto, akakiingiza, akashusha, akakaza boliti. Alipoimaliza ile ya mwisho akasikia: *tii!* Kioo cha mbele, kipande kimoja, kikapasuka kutoka kona hadi kona. Na milango ikabana maradufu.

Hapo machozi yalimtoka, na hakujisumbua kuyafuta. Akatupa spana. Spana ikagonga bati, ngurumo ikasikika hadi sebuleni.

"Kimepasuka nini?" mzee akauliza huko. "Mwambie mwanao nilisema kushoto! Kushoto! Mkono asiolia chakula!"

"Mama, mwambie Baba nimeweka kushoto!" Cheche akapaza sauti kutoka upande wake wa uwa. "Nimeweka pale pale aliposema! Na sasa ameniharibia gari!"

"Mwambie—"

"Wee! Koma!" Mama akaweka mwiko chini. Mwanamke yule alikuwa amevumilia miaka na miaka, na siku hiyo maji yalizidi unga. "Mimi si simu! Nimechoka kupokea huku nipeleke kule. Una miguu, mzee, nenda ukamwambie mwenyewe, na msiponisikia leo nalala kwa dada yangu!"

Mzee akasimama. Akajikohoza. Akapenya uwa, akatokea karakanani, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu pafunguliwe. Mama nyuma yake, hataki kukosa.

Hakumtazama bintiye usoni. Akaenda moja kwa moja hadi mlango wa dereva, akasimama hapo akiangalia mbele, kama mtu aliyekaa kitini. Cheche alikuwa bado amesimama mbele ya gari, ameelekea taa.

"Hujaweka kushoto," mzee akasema.

"Baba, hii ni nini kama si kushoto?"

"Kushoto ni huku!" Mzee akanyoosha mkono wake wa kushoto.

"Kushoto ni huku!" Cheche akanyoosha wake.

Mikono miwili, mmoja unaelekea kisimani, mwingine unaelekea barabarani. Wakatazamana. Mama ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia ukuta. "Jamani! Jamani watu wangu! Kushoto kwa nani?"

Dereva maisha yake yote yuko kitini, kushoto kwake ni kushoto kwa gari. Fundi wa mageti na madirisha yeye anasimama mbele ya kitu, anakitazama, na kushoto ni upande wa mkono wake. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alikuwa amesema kweli, akiwa upande wake.

Mzee alitaka kucheka na hakutaka kucheka, midomo ikawa inamchezacheza. Akazunguka polepole, akaja kusimama ubavuni kwa binti yake, mbele ya gari, akalitazama kutoka pale.

"Eh," akasema. "Kumbe ukiwa hapa ni hivyo."

"Ndiyo, Baba."

"Basi hamisha."

Wakahamisha pamoja, mzee alishika wenzo wa jeki mwenyewe, na chuma akakipokeza kwa mkono wake. Boliti zikakazwa. Cheche akausukuma mlango kwa kidole. Ukaingia, *tap*, kama mlango wa kabati jipya. Mzee akaufungua, akaufunga. Akaufungua tena, akapitisha kidole gumba kwenye kiungo cha bati, chini, pale palipokuwa na kutu, akarudia, akitafuta mwanzo wa kiraka asiuone.

"Macho yako yanaonaje siku hizi?" akauliza ghafla, bado ameuinamia mlango.

"Yako salama, Baba. Navaa kinyago."

"Siku ile yalivyovimba nilidhani yamekwenda. Nilikuwa na rafiki fundi wa kuchomelea, alimaliza maisha kipofu, anashikwa mkono na mjukuu. Nikasema nikikataa kazi yako, utaiacha." Akajikohoza. "Hukuiacha. Mimi nami nikashindwa kurudi nyuma. Nilikuwa naona haya, mama."

Cheche akaokota spana aliyoitupa.

Kioo hakikuwa taabu. Kwa kuwa ni bapa, hakina mkunjo, fundi vioo alikata kingine. Fundi rangi akapiga rangi ya krimu na mstari mwekundu, kama zamani. Na asubuhi ya kulitoa lori nje, Cheche alikuwa amewaza kila kitu: mzee atakaa kwenye usukani, yeye atakaa upande wa utingo, atamtazama akiendesha. Akamfungulia mlango wa dereva na kumpa funguo.

Mzee akazipokea, akazipimapima kiganjani. Kisha akamrudishia, akazunguka mbele ya gari kwa mwendo wake wa taratibu, akapanda upande wa pili.

"Baba, usukani uko huku."

"Nimeuona. Washa gari."

Cheche akawasha. Wakatoka karakanani, wakaingia barabarani, mzee amekaa wima, mguu wake wa kulia ukikanyaga breki isiyokuwepo kila walipokaribia tuta. "Gia ya pili," akasema. "Usiibane klachi." Kilima cha kwanza wakakipanda. Kwenye mteremko Cheche akasikia maelekezo yamekatika. Akaogopa amekosea jambo.

Mnajua, dereva wa zamani hasinzii gari likiendeshwa na mwingine. Hawezi. Hata mzee huyu alipokwenda kuzika nduguye, safari ya usiku kucha ndani ya basi, alikaa macho makavu hadi asubuhi akimhesabia dereva gia. Kwenye teksi ya kumpeleka hospitali alikuwa na homa kali, na bado alimwambia dereva wapi apunguze mwendo.

Cheche akageuka. Kichwa cha mzee kilikuwa kimeegemea mlango, ule ule alioutia Cheche bati jipya, mdomo wazi, akikoroma kama injini iliyotoboka ekzosi.

Akapunguza mwendo, akakwepa kila shimo. Mama alikuwa amesimama kando ya barabara karibu na nyumbani, ameshika kanga juu akiwapungia. Cheche akajiwekea kidole midomoni kumwashiria asimwamshe mzee, akapita bila kukata kona ya nyumbani, akaendelea mbele.

"He!" Mama akasema. "Nyie! Mnakwenda wapi?"