Feni Yangu na Majani ya Ombati

Mwanangu, bado naikumbuka siku ile wazee wa kijijini kwetu Soin walipocheka wakisema mtoto aliyechunga mbuzi hatawahi kuamuru injini. Nilirudi kutoka Kampala na diploma ya ufundi wa mitambo, nikaiwasha injini ya kiwanda cha chai kwa mkono huu huu. Waliocheka walikuja kuisikiliza ikinguruma. Nilirekebisha kofia tu.

Halafu akaletwa Ombati, Mkisii aliyesomea mimea. Alikuwa na kioo kidogo cha kukuzia, na kwa kioo hicho alininyang'anya kiwanda. Meneja akiingia, anamsalimu yeye kwanza. Wachumaji wakamwita Daktari wa Majani. Mimi nikawa "yule wa mafuta". Nilimwonea wivu hata namna alivyoshika kikombe.

Chai ikaanza kutoka mbaya, haina ladha. Ombati akasema feni yangu, ile inayozungushwa na injini kukaushia majani, inapuliza hewa ya moto kwa nguvu mno, jani linakauka pembeni kabla ya kunyauka ndani.

"Jani likichumwa halijafa, Fundi. Bado linapumua."

"Basi liambie lipumue haraka," nikamjibu, nikafunga mlango wa chumba cha injini. Naye akaacha kunionyesha majani yake. Meneja akatuita: chai ikiharibika tena, sote wawili tutafute kazi kwingine. Nilianza kusikia kicheko cha Soin.

Jumapili nikaenda kwa nyanya yangu, Kogo. Akanipa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, nikapiga funda moja nikatema.

"Kibuyu nilikipaka mkaa vizuri," akasema, hana hata aibu. "Mama yako alichemsha maziwa vizuri. Akayamimina kibuyuni kabla hayajapoa, yakaharibika, nami nilimwona nikanyamaza, maana tumenuniana. Sasa mjukuu wangu msomi, tumsifu nani?"

Jumatatu nikaufungua mlango. Ombati akasimama kizingitini akiitazama injini.

"Unajua nakuonea wivu?" akasema. "Wewe ukiwasha, nyumba nzima inatetemeka. Mimi nikiinama juu ya jani, watu wanadhani nimepoteza sindano."

Nikaitengenezea feni gurudumu kubwa la mkanda ili izunguke polepole. Yeye akapanda darini, yanakotandazwa majani yanyauke, akatia mkono katika majani, akawa anapaza sauti: "Bado! Bado, Fundi! Sasa!" Hapo ndipo nilipofungulia hewa ya moto.

Meneja alikunywa, akaomba kikombe kingine, akampa Ombati mkono. Kwanza yeye, tena! Ombati akakohoa: "Gurudumu ni lake, bwana."

Mwanangu, sikuambii uache wivu. Mimi mwenyewe, na diploma yangu, sijauacha. Nakuambia usingoje uishe ndipo ufanye kazi na mwenzako. Wewe unayejua chuma, muulize anayejua uhai, tena mapema, kabla ya kukaza hata nati moja. Naye mwonyeshe mashine yako inaweza nini na haiwezi nini. Mungu akubariki mikono, akupe mwenzako anayejua usichokijua, na siku atakayosifiwa kabla yako, akupe nguvu ya kumwachia mlango wazi.