Laptopu ya Kori Nane Iliyoombewa

Hasira yangu ya likizo ya Aprili haijapoa, na sina mpango wa kuipoza. Nikimwona mjomba wangu akipita na koti lake la ofisini, natazama upande mwingine.

Mimi niko kidato cha nne na nasoma Kompyuta, somo ambalo mradi wake unahesabiwa katika mtihani wa kitaifa. Lazima uutengeneze mwenyewe, skrini kwa skrini (wangu ni mfumo wa maktaba), na shuleni mashine tunagombania kama chapati ya mwisho. Mama anachuma majani chai hapa Nyacheki. Bonasi ilipoingia, akasema itanunua laptopu. Nilikuwa nimeshaiona yangu dukani Ogembo: kori nne, yaani akili nne za kugawana kazi, memori ya kutosha, diski ya kisasa isiyozunguka. Lakini kwetu mtoto hanunui kitu kikubwa. Kitu kikubwa hununuliwa na mjomba, kwa sababu mjomba anafunga tai.

Alifika dukani akazikagua laptopu kama mtu anayechagua mkungu wa ndizi sokoni Birongo, yaani wenye vichane vingi ndio bora.

"Hii ina kori ngapi?"

"Nane," muuzaji akasema.

"Na hiyo ya huyu kijana?"

"Nne."

Mjomba akanigeukia. "Nane na nne, ipi kubwa? Ama hesabu uliwaachia wenzako?"

Nikamwambia memori ya hiyo ya nane ni kiduchu na diski yake ni ya kizamani. Akasema nikimaliza kumfundisha nimwite. Muuzaji alijua ukweli wote, akatazama dari. La maana alilosema ni moja tu: tukitaka kubadilisha ndani ya wiki, aliyenunua aje nayo mwenyewe.

Nyumbani, kabla sijaiwasha, wamama wa kanisa wakaitwa. Wakaiwekea mikono. Mmoja akamwomba Mungu aikinge laptopu na virusi, na mimi anikinge na picha chafu. Tukasema amina, tukala.

Kisha nikaiwasha. Nikifungua programu ya mradi, mshale unageuka duara na duara linazunguka. Nikiongeza ukurasa mmoja wa intaneti, inaganda. Naandika neno, herufi zinakuja baadaye zikiwa zimeshikana mikono. Siku moja iliganda ikala skrini yangu yote ya usajili wa vitabu, kazi ya asubuhi nzima.

Kori nane, na mtu hawezi kuandika neno "maktaba". Ni kama kituo chetu cha kupimia majani chai. Wachumaji wanane waje wakikimbia, vikapu vimejaa, lakini mizani ni moja na karani ni mmoja tena anapiga miayo. Wote wanane watasimama kwenye foleni. Mtu mwenye akili angetafuta karani mwingine. Mjomba aliongeza wachumaji.

Nilimwambia Mama tuirudishe.

"Mjomba wako amesoma," akasema. "Na kitu kimeshaombewa, utakirudishaje? Watu watasema tulimchezea Mungu."

Jumamosi jua lilipotua na Sabato ikaisha, mjomba akaja na wenzake wawili wa ofisini. "Kijana, waonyeshe kori nane."

Nikafungua mradi wangu na ukurasa mmoja wa intaneti, halafu ule ukurasa unaoonyesha kila kori inafanya nini. Ulichukua muda wake kuja. Visanduku vinane: viwili vilikuwa na mistari inayotikisika kidogo, vingine mistari imelala chini kabisa. Upande wa memori, mstari umegonga juu.

"Mjomba, hizi zimelala. Kazi ya shule haina la kuzipa. Inayolia ni memori."

"Hazijalala. Zinashika Sabato kuliko wewe."

Wageni wakacheka mpaka chai ikamwagika. Darasani mimi ndiye mchekeshaji, najua kichekesho kizuri nikikisikia, na hicho kilikuwa kizuri. Hapo ndipo nilipotaka kulia. Wiki ya muuzaji ilikuwa inaisha kesho yake.

Mama hakucheka. Alikuwa amesimama na birika, akitazama duara likizunguka.

"Bado inafungua ule mradi wako wa saa ile?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mama."

Akaweka birika mezani. "Ndugu yangu, kesho uende nayo Ogembo."

"Kitu kimeombewa."

"Tutaombea na kingine."

"Na watu?"

"Watu hawachumi chai na mimi."

Jumapili mjomba alienda, nami nyuma yake kwenye pikipiki. Dukani akamwambia muuzaji kwamba huyu kijana alichagua vibaya, vijana wa siku hizi wanapenda tarakimu kubwa. Muuzaji akatazama dari tena, akambadilishia. Jibu nilikuwa nalo, refu, lenye viungo vyote. Lakini ile ya kori nne ilikuwa bado mikononi mwa mjomba, hajanipa. Nikauma meno nikasema, "Pole, Mjomba," nikanyoosha mikono.