Gauni la Mabaki ya Sare

Fundi cherehani hakuwahi kutupa mabaki ya kitambaa maishani mwake, na ubahili huo ndio uliomponza. Alipomaliza kushona sare za shule moja ya chekechea, drafti za kijani na nyeupe, alibakiwa na kipande cha kumtosha mjukuu wake wa miaka miwili na nusu. Akakishona gauni, akamvisha, wakaenda makumbusho.

Mjukuu huyo walimwita Kiguu-na-Njia, wala hawakumsingizia. Mama yake, muuguzi, hakuwa amewahi kumwachia mtu yeyote kutwa nzima. Asubuhi hiyo alimkabidhi kwa shingo upande.

"Mama, usimwachie mkono."

"Kwani wewe nilikulea kwa kamba?" fundi alimjibu.

Mkono aliuachia mbele ya mifupa ya nyangumi, atafute leso amfute mtoto kamasi. Mkoba wa fundi una mambo yake: futi, vifungo, bobini, kila kitu isipokuwa unachokitafuta. Alipoinua uso, mtoto hayupo.

Kwanza alitabasamu, akachungulia nyuma ya makabati ya vioo. Halafu chini ya mabenchi. Halafu chumba cha vyungu, chumba cha sarafu, na pale tabasamu likamkauka. Aliita, sauti ikamrudia mwenyewe. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na kilichomtisha zaidi ni uso wa binti yake jioni.

"Amevaa nini, mama?" mlinzi alimuuliza.

"Gauni la drafti. Kijani na nyeupe."

Mlinzi akamtazama kwa huruma. "Mama, leo wa hivyo wamekuja arobaini. Ndio hao wanapanda basi nje."

Moyo ukamlipuka paa! Fundi, ambaye ngazi za makumbusho alizipanda kwa kupumzika mara tatu, alizishuka bila kujua kama zipo. Basi lilikuwa linanguruma. Mwalimu, binti mdogo, alikuwa anafunga mlango.

"Simama! Mjukuu wangu yumo humo!"

"Shikamoo, mama. Hayumo, nimewahesabu mara mbili. Arobaini kamili."

"Marahaba. Hesabu utakavyo, mimi naingia."

Akapita kati ya viti akigeuza kichwa kimoja baada ya kingine. Kola zote alizishona yeye, na siku hiyo alizichukia zote. Kiti cha mwisho kabisa, katikati ya wasichana wawili, Kiguu-na-Njia alikuwa anakula biskuti ya watu.

"Bibi!"

Fundi alimkumbatia hadi mtoto akalalamika. Akalia mbele ya watoto wote, bila haya.

Alipogeuka kushuka, mwalimu alikuwa bado amesimama mlangoni, midomo inamcheza. Anahesabu.

"Thelathini na tisa," alisema. Akahesabu tena. Thelathini na tisa.

Fundi alitamani kwenda zake. Alitamani sana, wake alikuwa naye, salama, kifuani. Akamwita dereva asiondoke, akamfunga mtoto mgongoni kwa mtandio.

"Twende, mwalimu. Nani hayupo?"

Mwalimu alitazama viti, akawatazama watoto, machozi yakamjaa. "Nina siku tatu tu nao, mama. Simjui ni nani."

Wakarudi ndani mbio, wote wawili wakiita "Mtoto! Mtoto!" kwa kuwa hawakuwa na jina la kuita.