Sukari Haikati Simsim

Nianze na kosa langu mwenyewe, kabla watu wa soko letu la Kikuubo, Kampala, hawajawaambia kwa midomo yao mirefu. Mimi Zulaikha, muuza chai mlangoni pa stoo ya sukari, ndiye niliyempa Okidi ushauri uliomponza. Nilimpa kwa moyo mweupe, wallahi, lakini nilimpa.

Okidi alikuwa mlinzi wa stoo hiyo. Miaka tisa alisimama pale na rungu lake, jioni anarudi chumbani kwake Kyebando, na akili yake yote iko Kitgum, kwenye shamba aliloachiwa na baba yake. Mkewe Joska ndiye aliyekuwa akilima huko. Nikimtania, "Okidi, wewe una wake wawili, mlango huu na shamba lile," ananijibu, "Na wote wawili wamenuna, Mama Shamim." Tulicheka sana siku hizo.

Kwao shamba halilimwi na mtu mmoja. Nyumba kama kumi zinajiunga, leo wote wanalima kwa huyu, kesho kwa yule, na kundi hilo wanaliita awak. Hakuna malipo. Wakikulimia, nawe unakwenda kuinama shambani kwao, basi. Joska alitoa zamu yake, lakini zamu ya mume ilibaki wazi, maana bosi wa stoo alimpa Okidi siku saba tu za ruhusa kwa mwaka mzima. Olweny, kiongozi wa kundi, akawa anapiga simu: "Okidi, Jumanne tulikuwa kwako. Sisi tutakuona lini?"

Hapo ndipo nilipoufungua mdomo wangu. "Mkono mtupu haulambwi, ndugu yangu," nikamwambia. "Watumie sukari. Nani anakataa sukari?" Akanisikiliza. Misimu minne, kila msimu, alipakia mfuko mmoja wa sukari kwenye basi. Olweny hakusema asante, wala hakusema hapana. Sisi tukadhani amenyamaza kwa kuwa ameridhika. Ujinga mtupu!

Mwaka huu, mwezi wa kumi na moja, Joska alipiga simu asubuhi nikimmiminia Okidi chai. Simsim yao shambani, yaani ufuta, imeanza kuwa ya njano. Na simsim haina subira. Ukiikata mapema hupati kitu, ukichelewa siku nne tano maganda yanapasuka yenyewe na mbegu zinamwagika chini. Okidi akamwendea bosi. Bosi akasema Krismasi inakaribia, malori yanaingia kila siku, hakuna ruhusa. Anayetaka kwenda aache yunifomu. Okidi akatoka, akampigia Olweny kumwomba watu wa awak wamsaidie Joska kukata. Simu yake ina sauti kubwa, nilisikia kila neno.

"Zamu ya Joska tulimrudishia wakati wa kupalilia," Olweny alisema taratibu, bila hasira. "Zamu yako wewe iko wapi?"

"Olweny, si nimetuma sukari!"

"Sukari haikati simsim, Okidi. Mke wangu alipougua nilihitaji mgongo wako, ukanitumia sukari. Kwani sisi ni ombaomba?"

Siku mbili nzima Okidi alisimama mlangoni na rungu lake. Joska alikuwa anakata peke yake. Siku ya tatu Okidi akavua yunifomu, akaikunja, akaiweka kwenye benchi langu, akaenda kupanda basi. Wanasema mshika mbili moja humponyoka. Banange, huyu zilimponyoka zote. Alikuta mkewe amekata robo ya shamba, kwingine kote maganda yako wazi na ndege wanakula chini. Aliniambia baadaye kwamba alichukua ufagio akafagia lile shamba la baba yake mpaka giza likaingia, na alichokusanya kilikuwa mchanga.

Baada ya wiki mbili walikuja Kampala pamoja. Awak haikuwapokea tena, na watu wawili bila kundi hawawezi kulima ekari tatu, kwa hiyo wakafunga nyumba. Mlangoni pa stoo kuna mlinzi mwingine sasa. Okidi anabeba mizigo hapahapa Kikuubo, kwa mgongo uleule waliokuwa wakiutaka kwao. Kila akipita mbele yangu ameinama, moyo unaniuma.

Siku waliyofika, Joska aliweka mbele yangu mifuko minne ya sukari. Uzi wa kiwandani haujakatwa, na sukari imeganda kama mawe. Olweny aliitunza yote nyumbani kwake, akawakabidhi asubuhi ya kuondoka.

"Wewe ndiye Zulaikha?" Joska akaniuliza.

"Ndiye mimi, dada yangu. Nisamehe."

Alikaa kwenye benchi, viganja vimechubuka, akaomba chai. Nikammiminia. Nilipochukua kijiko cha sukari, akakifunika kikombe kwa mkono wake.