Nusu Dola ya Tonton

Kwetu Bukavu, mgeni akitangazwa, vyote vinavyong'aa vinasuguliwa. Mama alisugua sufuria kwa majivu mpaka chini kwenyewe, ambako hakuna mgeni anayechungulia, kisha akaziinamisha uani ili majirani wajue kuna ugeni. Nimelelewa hivyo na sijutii, isipokuwa kwa Jumamosi moja hapa Brussels.

Tonton, mdogo wa baba yangu, anaishi mtaa wa Evere, mji huu huu, ghorofa ya nne. Kwa miaka mingi alikuwa msafishaji katika duka la sarafu za kale katikati ya mji. Huko ndiko alikopata ugonjwa wa sarafu za fedha za Kimarekani za karne ya kumi na tisa, hasa zile zilizotengenezwa ili zitazamwe, si zinunue mkate. Muhuri wa chuma hung'arishwa kwanza, kisha sarafu hugongwa kwa nguvu, pengine zaidi ya mara moja, ndiyo maana uso wake huwa kioo na kila unyoya wa tai unahesabika. Wenye duka waliziita flan bruni. Yeye aliipata moja, ya nusu dola, ndani ya sanduku la sarafu za kila aina kwenye soko la vitu vikuukuu. Alipowaonyesha walicheka, hata kuishika hawakuishika. Msafishaji na flan bruni, wapi na wapi!

Kicheko kile kilimkaa rohoni. Sasa macho yake yamefifia, na haja yake ilikuwa moja tu: mtu mwenye ujuzi aseme kwamba yeye hakukosea. Kuiuza hakutaka. Alipompata mtaalamu, mama mmoja mstaafu aliyekubali kuja nyumbani Jumapili, alinipigia simu akihema kama bwana harusi.

Nilikwenda Jumamosi kuandaa nyumba. Nikapangusa sakafu, nikafua mapazia, nikatwanga sombe, majani ya muhogo, ya kesho yake. Mchana tonton alipojilaza kidogo, nikafungua kisanduku chake. Ile sarafu ilikuwa na rangi ya bluu na kahawia pembezoni, kama shingo ya njiwa. Mimi niliona uchafu. Siku zote alinigombeza nisiiguse uso kwa vidole, niishike ukingoni tu, na mimi kwa ubishi wangu nikajiambia kitambaa si kidole. Nikaisugua kwa dawa ya meno pande zote mbili mpaka ikawaka. Tena nilijisifu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Jumapili mama yule aliipima kwenye mizani ndogo, akaukagua ukingo, akaweka kioo cha kukuzia jichoni na kuigeuza polepole chini ya taa. Uso wake ukanyauka.

“Nani ameisugua hii?” aliuliza kwa Kifaransa. “Imejaa mikwaruzo. Sarafu hizi hazisuguliwi kamwe! Ile rangi ya miaka yote imeondolewa.”

Mimi ninayejibizana hata na madereva wa basi, nilianza kupanga vikombe mezani.

“Ni mimi,” tonton akamjibu kwa utulivu. “Uzee, madame.”

Mama yule akamtazama tonton kama mtu anayemtazama mtoto aliyevunja sahani. Jicho lile lilikuwa haki yangu, na nilimwacha tonton alipokee. Niliona aibu ambayo bado ninayo.

Kisha mama yule akainama tena, muda mrefu. Alikuwa akitafuta mahali ambapo kitambaa hakikufika: pembeni mwa nyota, katikati ya herufi, chini ya mkono wa mwanamke aliyechorwa juu yake, ameketi na ngao. Huko uso wa kioo ulikuwa mzima.

“Ni flan bruni,” alisema mwishowe. “Thamani yake kubwa imekwenda, lakini ni ya kweli, sina shaka. Wewe uliijuaje?”

“Kila asubuhi nilifuta vioo vya makabati yao,” tonton akasema. “Kioo ninakijua.”

Mgeni alipoondoka, machozi yalinitoka.

“Tonton, ni miye nilisugua ile pièce. Pardon.”

“Ninajua. Tangu jana. Ile boîte ya sarafu ilikuwa inanuka dentifrice, dawa yako ya meno.”

“Na ulinyamaza?”

“Bon, ulikuwa unatengenezea mugeni nyumba. Mama yako naye angefanya vile vile. Lete sombe, iko inapoa.”

Niliipakua bila kumtazama usoni. Alijua tangu jana. Basi asubuhi ile alifunga tai yake na kumfungulia mgeni mlango akiamini kwamba nimekwisha kumharibia kila kitu, na bado mezani aliniwekea kiti karibu naye.