Mwalimu Mukai huanzisha wimbo pale sauti yako ilipo

Ni Jumamosi asubuhi katikati ya jiji la Nairobi. Chini barabarani wachuuzi wanatandaza viatu na soksi kwenye magunia. Juu, katika orofa ya nne ya jengo lililojaa maduka ya vitambaa, Mukai Muli anamwomba mwanamume mwenye tai amwite kana kwamba yeye yuko ng'ambo ya bonde.

Mwanamume huyo ni Kimanzi, mhasibu anayeishi Kilimani. Amekuja kwa mara ya kwanza, na hata kabla hajaketi ameshaanza kujitetea.

"Mwalimu, nikuambie ukweli, sauti yangu iko na shida."

"Sawa. Kwanza niite."

Kimanzi anatazama huku na huku, anajikohoza, kisha anaita. Mukai anainamia kinanda, anabonyeza noti moja, anaiacha, anajaribu nyingine iliyo chini yake kidogo, na hiyo anaishikilia. Noti hiyo inalingana na mwito wa Kimanzi.

"Hapa ndipo kwako," anamwambia. "Wimbo wetu leo utaanzia hapa."

Nusu saa baadaye mhasibu huyo anaimba beti mbili bila kupotea, macho yakiwa sakafuni kwa haya. Kando yake ameketi Cate, msichana wa darasa la pili aliyeng'oka meno ya mbele, na nyuma yao karani mstaafu wa posta anayejifunza kusoma noti. Mukai hawatenganishi kwa umri. Anayeanza ni anayeanza, asema, awe na miaka saba au sabini.

Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, mwalimu huyu amefundisha nadharia ya muziki, uimbaji na utunzi wa nyimbo. Siku za wiki huingia katika nyumba za Kitisuru, ambako watoto wana piano kubwa na hawana hamu nayo, kisha alasiri hushuka Kilimani kufundisha vijana wanaotaka kutunga nyimbo zao wenyewe. Karo ya huko ndiyo hulipia kodi ya chumba cha mjini. Na katika chumba hicho ndimo moyo wake ulimo, kwa sababu wanaokuja hapo wengi waliwahi kuambiwa kwamba hawajui kuimba.

"Hakuna asiyejua kuimba," asema. "Wapo tu walioanzishiwa wimbo pasipo pao."

Maneno hayo hakuyasoma kitabuni. Mukai alizaliwa Mwingi, na alipokuwa darasa la sita aliingia katika kwaya ya shule iliyokuwa ikijiandaa kwa tamasha la muziki. Wiki moja kabla ya safari, mwalimu wa kwaya alipita katikati ya mistari akisikiliza mmoja mmoja. Alipofika kwake alisimama.

Alimwambia aende na wenzake, kwa kuwa sare yake ilikuwa imeshashonwa, lakini jukwaani afungue mdomo tu asitoe sauti.

Alifanya hivyo. Kwaya ilishinda, na wazazi wakampongeza. Mukai asema hakumweleza mtu yeyote, hata mamake, na kwa miaka mingi kanisani aliendelea kusogeza midomo kimya kama alivyoagizwa.

Baada ya shule alikuja Nairobi na kupata kazi ya kupokea wateja katika duka la kupiga chapa. Kanisa alilohudhuria mjini lilikuwa na kiongozi wa kwaya aitwaye Muema, mzee mpole aliyefanya kazi ya useremala. Jumapili moja Muema alimwona akisogeza midomo. Baada ya ibada alimwita kando na kumtaka aimbe ubeti mmoja. Mukai alikataa. Muema hakumlazimisha. Alianza kuuimba wimbo ule mwenyewe, kisha akaurudia chini kidogo, kisha chini zaidi.

"Aliushusha kama mtu anayeshusha mzigo kichwani polepole, mpaka ukafika nilipo," Mukai akumbuka. "Nikasikia sauti inatoka, na ilikuwa yangu. Nililia siku hiyo. Nilikuwa na sauti nzito tu, ya chini kuliko ya wasichana wengine. Hakuna aliyewahi kunishushia wimbo."

Ndipo alipoanza kusoma. Alihudhuria masomo ya jioni, akafanya mitihani ya nadharia ya muziki hatua kwa hatua, akafeli mmoja na kuurudia. Alipohitimu, Muema alimchongea kibao cha mbao, ambacho hadi leo kiko mlangoni pa jengo. Kimeandikwa: "Muziki. Watoto, vijana, wazee."

Kibao hicho ndicho kilichomleta mwanafunzi ambaye, asema Mukai, amemfunza yeye mwalimu mengi kuliko aliyofunzwa.

Hanif Jabir ana duka la vitambaa milango miwili kutoka hapo. Ni mtu wa Lamu aliyehamia Nairobi akiwa kijana, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akikipita kibao bila kukijali. Mwaka juzi mkewe, Saleha, alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulipooza, na maneno yakamkatika. Alielewa kila alichoambiwa, lakini alipotaka kujibu, kilichotoka kilikuwa "ta, ta, ta". Binti yao, Nadira, aliwachukua wazazi wote wawili wakaishi naye katika nyumba yake ya ghorofa Kilimani.

Jioni moja Nadira alikuwa akimbembeleza mwanawe kwa wimbo ambao Saleha mwenyewe alikuwa akiwaimbia wanawe. Alipofika katikati ya mstari alikohoa, akanyamaza. Kutoka kitandani, Saleha akaumalizia mstari ule, maneno yote yakiwa wazi.

"Tulitazamana tu," Nadira asema. "Nilifikiri amepona. Nikamwambia, 'Mama, niite jina langu.' Akajaribu, ikawa yale yale ya ta, ta. Akageuka ukutani."

Familia ilimweleza jambo hilo Waithera, mtaalamu wa tiba ya usemi aliyekuwa akimhudumia Saleha. Kwake halikuwa geni. Aliwaeleza kwamba baadhi ya watu waliopoteza usemi kwa kiharusi bado huweza kuimba, na kwamba kwa baadhi yao, si wote, maneno ya kila siku huweza kurudi yakitiwa katika wimbo mfupi huku mkono wa kushoto ukipiga mapigo polepole. Lakini ilihitaji mtu wa nyumbani wa kuimba naye, mara nyingi, kila siku.

Nadira alikuwa ofisini kutwa. Aliyebaki ni Hanif, ambaye siku hizo alifunga duka mapema ili akae na mkewe. Na Hanif hakuwa amewahi kuimba maishani mwake.

"Mimi na nyimbo wapi na wapi," asema mzee huyo. "Nilijaribu. Saleha akanitazama, akatikisa kichwa. Alikuwa hawezi kusema neno, lakini hilo alilisema."

Siku ya pili alipanda ngazi hadi kwa Mukai. Hakutaja sababu. Alisema tu anataka kujua nyimbo ndogondogo, akaketi nyuma ya watoto. Mukai alipomwomba amwite kama aliye ng'ambo ya bonde, mzee aliona haya, akanong'ona tu. Siku hiyo hawakupata chochote, wala juma lililofuata.

Juma la tatu Mukai alikuwa akipita mbele ya duka la Hanif aliposikia mzee akiwakaribisha wateja: "Karibuuu-ni." Alisimama. Mwito ule ulikuwa na noti mbili, moja juu na nyingine chini yake kidogo, na kila Hanif alipourudia zilikuwa zile zile, hazipotoki.

Aliingia dukani na kumwambia kwamba amekuwa akiimba mlangoni hapo miaka yote. Hanif alicheka, akafikiri anataniwa. Mukai alimwomba aurudie mwito, lakini badala ya "karibuni" atie neno jingine analolipenda.

Hanif alifikiri, kisha akaimba: "Salehaaa."

Hapo ndipo alipomweleza mwalimu kilichomleta.

Mukai alikubali kwenda Kilimani. Hanif alikuwa na ombi moja: ndani ya nyumba wasitumie ala yoyote, sauti na kiganja tu, kwa kuwa ndivyo moyo wake ulivyoridhia. Mukai hakuona ugumu. Kinanda, asema, ni mkongojo tu wa sikio.

Lakini mwanzoni alikosea. Alimtungia Saleha nyimbo nzuri, zenye kupanda na kushuka, akijivunia kazi yake. Saleha alijaribu, akachoka, machozi yakamtoka. Waithera, aliyekuja kuwatazama siku hiyo, alimwambia kwa upole kwamba zile ni nyimbo za kupendeza masikio, na mgonjwa alihitaji nyimbo za kuomba maji.

Mukai alirudi nyumbani akazitupa zote. Alibakiza noti mbili tu, zile za mwito wa dukani, na juu yazo akaweka maneno ya nyumba: nataka chai, nataka maji, funga dirisha, mguu unauma. Hata hizo hazikuanza alipoanzia Hanif. Alimsikiliza Saleha akiguna na kuvuta pumzi mpaka akaipata sauti yake, iliyokuwa juu kidogo ya ile ya mumewe, kisha akamfundisha Hanif kupanda amfuate.

"Hiyo ndiyo nadharia ya muziki yote niliyoitumia," asema. "Noti mbili, na kujua pa kuanzia."

Wiki zilipita. Hanif aliimba asubuhi, adhuhuri na jioni, akigonga taratibu mkono wa kushoto wa mkewe. Saleha alifuata midomo yake, wakati mwingine akitoa silabi ya mwisho, wakati mwingine akinyamaza siku nzima. Majirani walimsikia mzee kupitia ukutani na wakadhani amechanganyikiwa. Ilipotimia miezi mitatu alipanda ngazi kumwambia Mukai kwamba anaacha.

"Alisema amechoka kuuimbia ukuta," mwalimu akumbuka. "Sikuwa na la kumuahidi. Nilimwambia tu, ukiacha wewe, hakuna mwingine anayeijua noti yake."

Hanif alirudi nyumbani. Siku chache baadaye, alasiri, alimletea mkewe chai kama kawaida, akamshika mkono, akaanza: "Nataka chai." Saleha alionja, akakisukuma kikombe. Kisha akagonga kitanda kwa mkono wake wa kushoto na kuimba, kwa noti zile mbili:

"Chai imepoa."

Neno "imepoa" halikuwamo katika wimbo wowote waliomfundisha. Alilitoa mwenyewe.

Alipoulizwa alifanya nini wakati huo, Hanif aliendelea kukunja kitambaa mezani. "Nilikwenda kuipasha," akasema. "Ningefanya nini jingine? Nilipofika jikoni ndipo nilipokaa chini sakafuni."

Leo Saleha hasemi kama zamani, na Waithera anasisitiza kwamba huenda asiseme tena kama zamani. Lakini huimba sentensi fupi, za haja na hata za ugomvi. Humwimbia mumewe kwamba kanzu yake ina doa. Humwimbia mjukuu wake aokote vitu vyake sakafuni. Baadhi ya maneno, jina la Nadira likiwa mojawapo, sasa hutoka hata bila wimbo.

"Siku aliponiita, nilikuwa nimeshika mlango niende kazini," Nadira asema. "Nilichelewa siku hiyo, na sikumweleza bosi kwa nini."

Habari hizo zilienea. Waithera amemletea Mukai familia nyingine: mke wa dereva, mwana wa mwalimu mstaafu, dada wawili wanaomtunza kaka yao. Si wote wanaofanikiwa. Mmoja amekuwa akiimba tangu mwanzo wa mwaka na mumewe hajajibu hata silabi. Mukai humfundisha vile vile, na baada ya somo hukaa naye tu, bila kuimba.

Hanif naye hajaacha masomo ya Jumamosi. Sasa anasoma solfa, yaani noti za do-re-mi, na mwezi uliopita alitunga wimbo wake wa kwanza wa beti tatu. Hataki kusema unahusu nini. Cate, aliyeusikia darasani, asema ni mzuri, ila mzee ana pupa mwishoni.

Mpango wa Mukai kwa sasa ni darasa la pamoja la wagonjwa wa kiharusi na wale wanaoishi nao, akishirikiana na Waithera, katika ukumbi ulio chini ya ghorofa anamoishi Nadira. Kamati ya wakazi imekubali kuwapa ukumbi huo mara moja kwa juma. Matumaini yake ni kwamba siku moja kila mtaa utakuwa na darasa kama hilo, na mwalimu wa muziki anayejua kusikiliza kabla ya kufundisha.

Angependa Saleha ndiye awakaribishe wageni siku ya kwanza, kwa noti zile mbili. Wiki iliyopita alikwenda Kilimani kumwomba. Bi Saleha alipiga paja lake taratibu na kuimba:

"Nitakuja. Lakini si asubuhi."

Nadira alicheka hadi akajifuta machozi, akisema mamake hakuwahi kupenda kuamshwa mapema hata kabla ya kuugua.

Darasa litaanza mwezi ujao, saa tisa alasiri.